Kutoka Steji ya Olympic Hadi Michezo ya Olimpiki: Maisha ya Mlenga Shabaha

(Hotuba iliyoandaliwa kwa vikao vya vijana na wazazi, Kibera na Kawangware)



Kila anayeishi Kibera anaijua steji ya Olympic. Watoto wa hapo hulitaja jina hilo tangu wakiwa wadogo, wanapomwambia kondakta mahali pa kuwashusha au wanapotaja shule yao. Ni jina la mashindano makubwa zaidi duniani, na wengi hulitamka kila siku bila kuwaza kwamba mashindano hayo yanaweza kuwahusu. Mada ya leo ni mchezo mmoja wa Olimpiki ambao hautajwi sana katika mitaa hii, wala kule Kawangware. Mchezo huo ni kulenga shabaha kwa bunduki.

Sababu ya kutotajwa inaeleweka. Neno bunduki likisikika Kibera au Kawangware, hakuna anayewaza medali. Mtu hukumbuka usiku ambao mlio ulisikika na mama akaanza kuhesabu watoto wake gizani. Wengine hukumbuka kijana waliyesoma naye, ambaye leo hayupo. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa wakazi wajue kwamba kuna watu wanaoishi na bunduki maisha yao yote bila kumwelekezea binadamu hata mara moja, na wajue maisha hayo yanadai nini.

Bunduki zilivyofika Kibera

Historia ya Kibera yenyewe ilianza na askari. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanajeshi Wanubi waliotumikia kikosi cha King's African Rifles walipewa makao katika msitu uliokuwa pembeni mwa mji mchanga wa Nairobi. Wao waliuita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza rasmi sehemu hiyo, ekari zaidi ya 4,000, kuwa ardhi ya kijeshi. Wazee wa Makina wana ukoo unaotokana na watu hao. Walikuwa wapiga bunduki hodari, na walipigana vita vya serikali isiyowahi kuwapa hati ya mahali walipolala. Jamii ya Wanubi ilipokea hati ya ekari 288 mwaka 2017, karibu miaka 100 baadaye.

Kenya ilipopeleka timu yake ya kwanza kwenye Olimpiki, huko Melbourne mwaka 1956, ulengaji shabaha ulikuwa miongoni mwa michezo iliyoshirikiwa. Wakati Nyandika Maiyoro akimaliza wa saba katika mbio za mita 5,000, walenga shabaha wawili, Roy Congreve na Charles Trotter, waliiwakilisha Kenya kwa bunduki. Wote wawili walitoka katika jamii ya Wazungu wa koloni. Mwafrika wakati huo alipewa bunduki kwa ajili ya vita, na kwa mchezo hakupewa nafasi.

Trotter baadaye aliishi kisiwa cha Guernsey, na mwaka 1975, miaka 19 baada ya Melbourne, alishinda Tuzo ya Malkia katika uwanja wa Bisley, Uingereza. Hilo ni mojawapo ya mashindano makongwe zaidi ya bunduki duniani, na mshindani hulenga kutoka umbali unaofika yadi 1,000. Wakati huo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Mchezo huu hauhitaji mwili wa miaka 20. Mwanariadha anapokuwa amestaafu na kurudi shambani, mlenga shabaha wa rika lake huenda bado anapanda.

Kazi yenyewe ikoje

Ni vizuri kueleza kinachofanyika, kwa maana sinema zimewadanganya wengi. Katika mashindano ya bunduki ya hewa ya mita 10, mshindani husimama wima na kupiga risasi 60 katika muda wa dakika 75. Bunduki inaruhusiwa kuwa na uzito wa hadi kilo 5.5. Jaza maji mtungi wa lita tano, uushike mbele ya kifua kwa saa moja na robo, na utapata picha. Risasi ni ndogo, milimita 4.5. Duara la alama ya 10 lina upana wa nusu milimita tu, kama nukta iliyowekwa kwa kalamu, nalo liko mita 10 mbele yake. Darubini hairuhusiwi. Mlenga shabaha huchungulia kwenye kitundu kidogo.

Katika umbali huo, pigo la moyo wake mwenyewe linaweza kumharibia. Damu ikisukumwa, mtutu hutikisika. Kwa hiyo hujifunza kupumua polepole, kutoa pumzi, kungoja kati ya pigo moja la moyo na jingine, kisha kubana triga taratibu. Akihisi kwamba jambo fulani haliko sawa, hashurutishi risasi itoke. Huishusha bunduki, hupumua na kuanza upya. Makocha wengi huwaambia wanafunzi kwamba uwezo wa kuishusha bunduki ndio unaomtofautisha bingwa na wengine.

Nguvu za misuli peke yake hazitoshi hapa. Mwaka 1976 huko Montreal, Margaret Murdock wa Marekani alishindana na wanaume katika mashindano ya mikao mitatu ya bunduki. Alilingana kwa alama na Mmarekani mwenzake Lanny Bassham. Waamuzi walichunguza risasi za mwisho wakampa Bassham dhahabu na Murdock fedha. Wakati wa wimbo wa taifa, Bassham alimvuta Murdock juu ya jukwaa la mshindi wakasimama pamoja. Kwa hiyo wasichana walioko hapa wasidhani mada hii ni ya kaka zao.

Mtu mmoja na miaka 16

Kazi ya mlenga shabaha inaonekana vizuri zaidi katika maisha ya Abhinav Bindra wa India. Aliingia Olimpiki mara ya kwanza huko Sydney mwaka 2000, akiwa hajafikisha miaka 18. Mwaka 2004 huko Athens alifuzu fainali akiwa wa tatu, na wengi walimtarajia arudi na medali. Katika fainali ya watu wanane alimaliza wa saba.

Mwaka 2006 alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka huo huo mgongo ulimuuma kiasi kwamba ilibidi aache kushika bunduki kwa muda. Alirudi. Beijing, Agosti 2008, alifuzu fainali kwa alama 596 na kulikuwa na watu mbele yake. Alisimulia baadaye kwamba alipopiga risasi ya majaribio kabla ya fainali aligundua bunduki imeharibika mlengo: risasi iliangukia alama ya 4. Alikuwa na dakika chache tu. Hakugombana na mtu. Alirekebisha kitundu cha kulengea, akajaribu tena, akarekebisha tena, hadi bunduki ikatulia.

Ilipobaki risasi moja, yeye na Henri Häkkinen wa Ufini walikuwa sawa kwa alama. Häkkinen alipiga 9.7. Bindra alipiga 10.8. Jumla ilikuwa 700.5, na hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mhindi mmoja mmoja, katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni. Mwaka 2016 huko Rio alimaliza wa nne, akakosa medali kwa risasi moja ya kuvunja sare, kisha akastaafu.

Hapa lazima ukweli usemwe. Bindra alitoka katika familia yenye uwezo, na baba yake alimjengea uwanja wa kulengea nyumbani. Mzazi wa Lindi au Gatina anayesikia hivyo ana haki ya kuuliza: sasa hilo linanihusu nini, mimi ambaye kodi ya nyumba bado haijalipwa?

Jibu moja linatoka nchi hiyo hiyo. Swapnil Kusale ni mtoto wa mwalimu kutoka kijiji cha Kambalwadi. Mwaka 2015 aliajiriwa na shirika la reli la India kama mkaguzi wa tiketi. Mshahara huo ndio uliomwezesha kuendelea kulenga. Agosti 1, 2024, huko Paris, alishinda medali ya shaba katika mashindano ya bunduki ya mita 50, mikao mitatu: kupiga magoti, kulala na kusimama. Alimaliza na alama 451.4. Hakuwa na uwanja wa baba. Alikuwa na mwajiri aliyekubali kwamba mfanyakazi anaweza pia kuwa mwanamichezo.

Wakenya wanaujua mpango huo. Mabingwa wetu wengi wa riadha na voliboli wamelipwa mishahara na Polisi, Magereza au Jeshi huku wakifanya mazoezi. Kijana wa Kawangware anayetaka kushika bunduki ya mchezo akiwa hana pesa, njia iliyo wazi zaidi kwake ni hiyo: amalize shule, atunze nidhamu na cheti cha tabia njema, ajitokeze siku ya usajili wa vikosi, na akishaingia aombe timu ya shabaha. Ni njia ndefu, na si kila anayejitokeza huchukuliwa. Lakini mtaani hakuna njia ya mkato iliyo salama kuliko hiyo.

Jirani wa mchezo huu

Kuna mchezo mwingine wa kulenga usiohitaji leseni ya silaha za moto, nao ni upinde na mishale. Wakenya wengi waliutambua mwaka 2016. Mwaka huo Shehzana Anwar alishinda ubingwa wa Afrika huko Windhoek, Namibia, akafuzu Olimpiki ya Rio. Katika sherehe ya ufunguzi, timu iliyojaa mabingwa wa mbio ilimkabidhi yeye bendera ya Kenya aibebe. Mwenye upinde wa Olimpiki hulenga kutoka mita 70, na duara la alama ya 10 lina upana wa sentimita 12.2, takriban upana wa kisahani cha chai. Pumzi, subira na uwezo wa kusahau mshale uliokosa ni vile vile.

Kwa mitaa yenye nyumba za mabati zilizobanana, upinde nao si wa kuchezea uchochoroni. Unahitaji uwanja uliozungushiwa ua, msimamizi, na utaratibu wa nani anapiga na nani anasubiri. Hata hivyo uwanja wa mita chache, ukuta imara nyuma ya shabaha na kocha mwenye sifa ni mambo yanayoweza kuombwa na kujengwa.

Sheria inasema nini

Vijana wasikilize sehemu hii kwa makini, na wazazi pia.

Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hakuna raia anayeruhusiwa kuwa na bunduki au risasi bila cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Mchezo hauondoi sharti hilo. Anayetaka kujifunza huanzia katika klabu na uwanja uliokubaliwa kisheria, chini ya msimamizi, na silaha hubaki mikononi mwa wenye cheti. Mtu yeyote anayemwambia kijana kwamba atamfundisha shabaha kwa bunduki iliyofichwa chini ya godoro anamwandalia jela au kaburi.

Bunduki za kutengenezwa kwa vyuma vya jua kali ni haramu vile vile, na mara nyingi humlipukia anayeishika. Bunduki bandia nayo si mzaha: sheria hiyo hiyo humhukumu anayetumia silaha bandia kwa nia ya kutenda uhalifu, na usiku hakuna anayeweza kuitofautisha na ya kweli. Mzazi asimnunulie mtoto bunduki ya plastiki inayofanana na halisi halafu amwache atembee nayo barabarani jioni.

Ukiona silaha imetupwa mtaroni au kwenye jaa la taka, usiiguse na usiwaache watoto wakaribie. Mwarifu chifu, kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 999 au 112.

Mlenga shabaha wa kweli hufundishwa kanuni hizi kabla ya kufundishwa kupiga: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu uelekezwe mahali salama daima, kidole kikae nje ya triga hadi wakati wa kupiga, na mlengaji ajue kilicho nyuma ya shabaha. Katika mashindano, anayevunja kanuni za usalama huondolewa uwanjani hata kama anaongoza.

Wakazi wanaweza kufanya nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Hili ni jukumu la kikatiba, na mkazi ana haki ya kuuliza linatekelezwaje katika wadi yake, iwe Laini Saba, Sarang'ombe, Makina, Lindi, Gatina, Kabiro au Kawangware.

Kuna wakati wa kuuliza. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Mkazi anayehudhuria na kusema kwa maandishi, "Tunaomba uwanja wa Kamukunji ulindwe usinyakuliwe," au, "Tunaomba sehemu yenye ua kwa michezo ya kulenga katika uwanja wa Riruta," ameacha rekodi. Anayelalamika kwenye kibanda cha chai Desemba amechelewa.

Vijana wanaotaka kuanzisha klabu ya upinde au mchezo mwingine wowote wanapaswa kuisajili kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Klabu iliyosajiliwa inaweza kufungua akaunti, kuomba kutumia uwanja wa umma, na kujiunga na shirikisho la mchezo wake. Kundi lisilosajiliwa halina pa kuegemea hata likiwa na vipaji kumi.

Na kuna sehemu isiyohitaji bajeti wala leseni. Zoezi la kupumua linaweza kufanyika katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Simama wima, nyosha mkono ukiwa umeshika kikombe kilichojaa maji, pumua ndani polepole, toa pumzi, tulia, hesabu hadi nane bila tone kumwagika. Fanya hivyo mara 20 kila asubuhi kwa mwezi mmoja. Anayechoka siku ya tatu amejifunza jambo kuhusu nafsi yake. Anayefika siku ya 30 ana kitu ambacho kocha yeyote atakiona, na hata asiposhika upinde wala bunduki maishani, mkono huo uliotulia utamfaa kwenye cherehani, kwenye pikipiki, kwenye chumba cha mtihani na siku mtu atakapomchokoza.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika mchezo huu mwenye kuinama kwa muda mrefu zaidi ndiye hupata. Askari waliokaa Kibra zaidi ya miaka 100 iliyopita walipewa bunduki na wengine waliowaambia wapi pa kuelekeza. Kijana wa leo ana nafasi ya kujichagulia mlango wa kuingilia, ilimradi apitie mlango wenye sheria, na wazazi na kaunti wahakikishe mlango huo haufungwi kwa sababu ya anuani yake.

Atakayeshuka steji ya Olympic jioni hii, au Kawangware kwenye matatu ya 46, afike nyumbani salama, na awaulize watoto kama wamewahi kusikia mchezo huu.